Nywila Ambayo Hakuna Aliyeiweka

Vijana wangu wa kitengo cha kompyuta, mmeniomba niandike machache kabla sijaanza kusahau. Haya basi. Nimestaafu majuzi tu, funguo za chumba cha mitambo nimekabidhi, na kiti changu naambiwa kimeshapata mtu, tena mtu mwembamba, kwa hiyo kitapumzika. Habari za vyeo sitaziandika. Havikuwa vingi, na kila kimoja kiliniongezea vikao kuliko kitu kingine chochote. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika kesi moja ya nyumbani kwa watu, kule Mandewa, ambayo mpaka leo huwa naikumbuka nikimwagilia mboga.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta. Siku ya kwanza niliingia ofisini Singida mjini nikitokea kwetu Kiomboi, Iramba, nimevaa shati la kaka yangu lililonipwaya mabegani, nikapewa bisibisi, brashi ya rangi iliyokatwa nywele zikabaki fupi, na kopo la mafuta ya cherehani. Halafu nikawekewa mezani taipureta ambayo herufi "a" ilikuwa imekwama. Jaribuni kuandika Kiswahili bila "a". Hata mstari mmoja haumaliziki. Yule mama mpiga chapa alikuwa anaruka nafasi, halafu jioni anajazia "a" zote kwa kalamu, barua nzima, na mkuu wake alikuwa akisaini bila kuuliza kitu.

Kosa lilikuwa vumbi. Mnaujua upepo wa kwetu huu, unavyoshuka kwenye miamba na kuingia mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Nusu ya kazi yangu yote ya maisha ilikuwa kutoa vumbi ndani ya vitu. Ninyi siku hizi mna pampu za umeme za kupulizia. Sisi tulikuwa tunapuliza kwa mdomo, halafu tunakohoa mpaka saa ya chai.

Kompyuta zilipofika nilikuwa tayari na mvi za kwanza. Pamoja nazo aliletwa binti mmoja kutoka Dodoma, Halima, ametoka chuoni juzi, umri wake sawa na mwanangu wa kwanza. Nilitangulia kazini siku ile kusudi nionekane ninajua. Nikafungua ubavu wa mashine moja, nikaingiza mkono. Nikasikia sauti mlangoni:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, naomba utoe mkono humo taratibu. Hujachomoa umeme."

Tuliishi hivyo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kwanza heshima, halafu karipio. Hakuna asubuhi aliyoacha kuniamkia, na hakuna asubuhi aliyoacha kunirekebisha. Wenzangu wa rika langu walinicheka, kwamba ninafundishwa na mtoto. Niliwaacha wacheke. Wao walistaafu bado wanamwita mtu aje kuwawashia mashine.

Kitu cha kwanza alichonifundisha Halima hakikuwa waya wala programu. Kilikuwa kusoma. Nikimwita, "Halima njoo, mashine imekataa," yeye anakuja, anaziba kioo kwa kiganja chake.

"Imeandika nini?"

"Imekataa kufungua."

"Sijauliza imefanya nini, baba. Nimeuliza imeandika nini."

Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeyaona maandishi, nimekasirika, nimebonyeza yaondoke. Ilinichukua muda mrefu kuacha tabia hiyo, na nawaambia wazi kwamba watu wengi wanaoita fundi wamebonyeza maandishi yakaondoka. Msiwagombeze. Waombeni warudie kosa mbele yenu, halafu msome neno kwa neno, hata kama mnalijua.

Tulipounganisha mashine mbili za kwanza kwa waya, ili ya boharia isome faili za ile ya masjala, ndipo nilipokutana na kile kijidirisha ambacho kimenilisha mpaka nastaafu. Unabonyeza folda ya mwenzako, na mashine inakuuliza jina na nywila. Boharia wetu, mtu mzima mwenye sauti nzito, aliweka jina lake na nywila yake mara ya kwanza, ikakataa. Akaweka tena, akibonyeza kwa nguvu zaidi. Ikakataa. Akapiga meza.

"Mimi najua nywila yangu! Nimeiweka mwenyewe!"

Halima akamwambia kwa upole, "Hakuna anayebisha, mzee. Lakini uko kwenye mlango wa masjala. Hapa wanataka jina linalojulikana ndani ya mashine ya masjala. Lako halijulikani humo."

Hapo ndipo penye ugumu wote, na bado watu wanajikwaa hapohapo. Mashine inapouliza, inauliza kwa niaba ya ile unayotaka kuingia. Siyo hii uliyokaa mbele yake. Halafu zilipokuja zile tarakimu fupi za kuwashia kompyuta, mambo yakaharibika upya, maana watu walianza kuziandika hizo kwenye kile kijidirisha. Hazifai kabisa. Tarakimu zile ni za mtu aliyekaa kwenye kiti. Anayekuja kwa njia ya waya anadaiwa nywila kamili ya akaunti. Nimelisema jambo hili mara nyingi kiasi kwamba mke wangu, ambaye hajawahi kugusa kibodi, analijua.

Halima alihamishwa kurudi Dodoma, akapanda cheo huko, nami nikabaki. Miaka ikaenda. Intaneti ikaingia majumbani, watu wakawa na kompyuta ya mezani sebuleni, laptopu chumbani, ruta juu ya kabati pembeni ya picha ya harusi, na kila mtu anataka vyote vionane. Nikaanza kuitwa Jumamosi. Kesi za nyumbani zina ugumu wake. Ofisini watu wakikosa faili wanaandika barua ya malalamiko. Nyumbani wanatazamana.

Sasa nije Mandewa.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Alinipigia Mwalimu Shabani, mstaafu, ambaye ukitembea naye mjini hufiki unakokwenda kwa sababu kila mtu wa tatu anayemsimamisha alifundishwa naye. Ni wa Iramba kama mimi, ndiyo maana ananiamini kuliko ninavyostahili.

"Fundi, njoo nyumbani. Mke wangu haongei na mimi kwa sababu ya kompyuta."

"Mwalimu, kompyuta natengeneza. Hilo lingine siliwezi."

"Wewe njoo tu."

Nikachukua bajaji. Nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa begi la safari, limefungwa, limewekwa karibu na mlango wa nje. Mke wake, Bi. Mwajuma, alinikaribisha, akaniletea maji, akanisalimia vizuri sana. Kwa mumewe hakugeuza hata shingo. Yeye ni Mnyaturu wa Ikungi, fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha nyuma. Mwalimu alikuwa ameketi sebuleni mbele ya kompyuta yake ya mezani kama mtu anayelinda kitu.

Niliwauliza jambo lilianzaje. Wakajibu wote wawili kwa pamoja, kisha wakanyamaza wote wawili. Ikabidi nimsikilize mmoja mmoja.

Mama yake Bi. Mwajuma, waliyemwita Bibi tu, aliishi nao miaka yake ya mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno. Jioni alikuwa akisimulia kwa Kinyaturu mambo ya zamani, walivyochunga, walivyokwenda kufuata chumvi, nani alimtorosha nani. Mwalimu akaanza kumrekodi kwa simu, akihifadhi sauti zile kwenye kompyuta ya sebuleni, katika folda moja. Bibi akafariki. Baada ya msiba, Bi. Mwajuma akawa anafungua laptopu yake kule chumba cha nyuma, anaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, anaingia kwenye folda ile kwa mtandao wa nyumbani, na anashona huku mama yake anaongea. Haikuwa inauliza chochote. Alibonyeza tu na sauti ikatoka.

Kisha wakakosana kidogo. Mwalimu alitaka kuzituma sauti zile kwa ndugu na kwa wanafunzi wake wa zamani wanaopenda mambo ya lugha. Bi. Mwajuma akakataa. Ni mama yake, humo ndani amesema mambo ya nyumbani, ametaja watu. Mwalimu akasema "Sawa."

"Lakini fundi, sawa ile ungeisikia," Bi. Mwajuma aliniambia, akiwa amekunja mikono. "Ilikuwa sawa ya mtu anayefunga mlango."

Siku chache baadaye akabonyeza folda. Kijidirisha kikatokea. Jina na nywila.

"Nikamfuata sebuleni. Nikamwuliza, umeweka paswedi? Akaniambia hajaweka, hakuna paswedi. Nikamwuliza, na hii ninayoulizwa ni nini? Akasema hajui, lakini paswedi hakuna. Ananitazama usoni, fundi. Tumeoana tukiwa vijana. Hajawahi kunidanganya akinitazama usoni."

"Si umwambie akufungulie pale sebuleni usikilize?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Niende nikaketi kwenye kiti chake, nimwombe ruhusa ya kumsikiliza mama yangu?"

Nikarudi sebuleni. Mwalimu alisema maneno yaleyale, ila kutoka upande wake. Hajaweka nywila. Hajui namna ya kuiweka. Na sasa mkewe anakwenda kwa kaka yake Ikungi, na hasemi atarudi lini.

"Mpwa wangu yuko Arusha, anajua haya mambo kidogo," akaongeza. "Amenipa njia kwa simu. Amesema tufute kila kitu, tuweke mfumo upya. Ameshanitumia maelekezo. Nilikuwa nataka kuanza, nikasema ngoja nimwite fundi asimamie."

Nikamwuliza, "Mwalimu, sauti za Bibi ziko wapi pengine?"

"Pengine wapi? Ziko humu."

"Na kwenye simu?"

"Simu ile iliibiwa sokoni."

Vijana, kabla hujauliza tatizo ni nini, uliza ni kitu gani hakiwezi kupatikana tena kikipotea. Nilimwomba Mwalimu asimame kwenye kile kiti. Nikatoa diski yangu ya mfukoni, nikaichomeka, nikanakili folda nzima. Sikugusa kitu kingine mpaka nilipofungua sauti moja kutoka kwenye diski na kusikia mwanamke mzee akikohoa na kuanza kuongea. Kisha nikaichomoa, nikaenda chumba cha nyuma, nikampa Bi. Mwajuma mkononi.

"Mama yako yuko humu. Hakuna nywila. Hii ni yako."

Aliishika kwa mikono miwili. Macho yakamjaa. Nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Asante sana, fundi," akasema. "Mungu akubariki. Lakini mimi sikutaka nakala. Nataka kujua nani amefunga."

Basi nikakaa chini.

Nilianza na yale ya kawaida. Ruta ilikuwa inafanya kazi. Laptopu iliiona kompyuta ya sebuleni kwa jina lake bila shida. Mtandao ulikuwa umewekwa kama wa nyumbani, siyo kama wa mahali pa watu wengi, maana ukiwekwa kama wa watu wengi mashine zinafichana. Folda ilikuwa bado imeshirikishwa. Nikajaribu kuingia kwa jina la Mwalimu, nafasi ya nywila nikaiacha tupu. Ikakataa. Nikamwuliza Mwalimu tarakimu zake za kuwashia, akasema hana. Nikajaribu jina la Bi. Mwajuma na nywila yake ya laptopu, nikijua haitakubali, na haikukubali. Kila nilipokataliwa, Mwalimu alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma akitazama, na Bi. Mwajuma alimtazama akitazama. Nilijisikia kama hakimu aliyesahau sheria.

Kitu kimoja nilikigundua. Mashine ya sebuleni ilikuwa imejisasisha yenyewe siku zilezile za ule ugomvi. Mwalimu akakumbuka kwamba aliikuta ikizunguka, ikamwambia asizime, naye akaenda msikitini. Lakini kwa nini idai nywila ya mtu ambaye hana, hapo nilikwama. Ofisini kwetu kila mtu ana nywila, mnajua ninavyowasumbua. Mlango usio na ufunguo kabisa sikuwa nimekutana nao.

Nikatoka nje kwenye upepo, nikampigia Halima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeshindwa."

"Imeandika nini?"

Nikamsomea neno kwa neno. Sikuthubutu kufupisha.

"Huyo Mwalimu akiwasha mashine yake asubuhi, anaandika nini?"

"Haandiki kitu. Inafunguka yenyewe."

Alicheka, kile kicheko chake kifupi.

"Basi ndiyo hiyo, baba. Akaunti yake haina nywila. Mtu akikaa kitini inamfungulia. Akija kwa mtandao inamkatalia, kwa sababu akaunti tupu hairuhusiwi kuingiwa kwa mbali. Zamani walikuwa wanaingia kama wageni wasio na jina. Sasisho limewafungia wageni. Hakuna aliyeweka kitu hapo. Mfanyie mama akaunti yake mwenyewe kwenye mashine ya baba, uipe ruhusa kwenye folda. Na baba."

"Naam."

"Usisahau kufuta ile kumbukumbu ya zamani kwenye laptopu."

"Sijasahau," nikasema, nikiwa nimesahau.

Nilirudi ndani, lakini sikukimbilia kutengeneza. Lile swali la Bi. Mwajuma lilikuwa bado halijajibiwa, na mimi kumweleza habari za akaunti tupu kusingemsaidia. Nikaizima kompyuta ya sebuleni. Nikamwita.

"Naomba uje uiwashe wewe."

Alisita, akapita mbele ya mumewe, akakaa kwenye kile kiti. Akabonyeza kitufe. Tukasubiri wote watatu. Kioo kikawaka, duara likazunguka, kisha ikatokea ile picha ya shamba la alizeti ambayo Mwalimu ameiweka.

"Imekuuliza nini?" nikamwuliza.

"Haijaniuliza kitu."

"Umeandika nywila?"

"Sijaandika."

"Ndivyo inavyofunguka kila siku. Mumeo hana nywila, mama. Hajawahi kuwa nayo. Na mashine hii, tangu ilipojisasisha, haimkubali mtu anayeingia kwa mtandao kwa jina lisilo na nywila. Kwa hiyo ilikuwa inakudai kitu ambacho hakipo. Hata yeye angekwenda chumba cha nyuma akajaribu, angekataliwa kuingia kwake mwenyewe."

Bi. Mwajuma alikaa akikitazama kioo. Nje bajaji ilipita. Hatimaye akasema, bila kugeuka, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe siku ile:

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli."

Mwalimu Shabani ana haki ya kujisifu katika mambo mengi, na wanafunzi wake watakuambia hakuwa mtu wa kuiacha haki hiyo ipite. Nilimtazama nikitegemea hotuba. Alivua kofia, akaishika.

"Kuhusu paswedi nilisema kweli," akasema. "Kuhusu ile sawa, sikusema kweli. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema moyoni, haya, mtaona. Hata sikujua mtaona nini." Akamgeukia mkewe. "Sauti ni za mama yako, Mwajuma. Hazitoki humu mpaka wewe useme."

"Ungesema hivyo siku ile."

"Ningesema."

Nikajifanya nachunguza waya. Fundi mzuri wa nyumbani ni lazima ajue wakati wa kuchunguza waya.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Nilitengeneza akaunti ya Bi. Mwajuma kwenye kompyuta ya sebuleni. Ilipofika pa kuweka nywila, nikainuka, nikageukia ukutani, nikamwomba Mwalimu naye ageuke. Mwalimu akauliza kama ni lazima. Bi. Mwajuma akasema ni lazima, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba anatabasamu. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, mara mbili. Nikaipa akaunti ile ruhusa kwenye folda, ya kusoma na kuandika, siyo kusoma peke yake, maana Mwalimu alisema mkewe naye aweze kuongeza sauti za kwake akitaka.

Tukaenda chumba cha nyuma. Akabonyeza folda. Akaandika jina na nywila. Ikakataa.

Bi. Mwajuma aliondoa mkono kwenye kipanya. Mwalimu alisema, "Mimi sijagusa kitu, wallahi," kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, na ndipo nilipokumbuka maneno ya mwisho ya Halima. Laptopu ilikuwa imetunza jina la zamani kutoka kwenye majaribio yote yale, na ilikuwa inalipeleka hilo badala ya jipya. Kuna mahali mashine inaweka majina na nywila ilizowahi kutumia. Fungueni, tafuteni jina la kompyuta mnayotaka kuingia, lifuteni, halafu zimeni na kuwasha. Na mnapoandika jina, tangulizeni jina la ile kompyuta, mkwaju wa nyuma, yaani kile kistari kilicholala kurudi nyuma, kisha jina la mtumiaji, ili mashine isidhani mnamaanisha mtu wa humu.

Nikafuta. Nikazima, nikawasha. Nikampa kiti.

Folda ikafunguka. Hakuchagua. Alibonyeza sauti iliyokuwa juu kabisa. Kwanza kukawa na kelele za kuku, halafu sauti ya Mwalimu akiuliza jambo kwa Kinyaturu chake chenye lafudhi ya Kinyiramba, halafu Bibi akajibu maneno marefu na mwishoni akacheka mpaka akakohoa. Bi. Mwajuma naye akacheka, akijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Amesema nini?" Mwalimu akauliza. "Hapo sikuwahi kumwelewa. Nimesikiliza mara nyingi."

"Anasema mkwe wake anauliza maswali kama polisi."

"Kweli amesema hivyo?"

"Na anasema Kinyaturu chako kinamuumiza masikio, lakini anakuvumilia kwa sababu unamletea sukari."

Mwalimu alivuta kigoda akakaa. "Rudisha nyuma," akasema. "Nisikie tena hilo neno."

Niliondoka nikiwaacha hapo. Lile begi la mlangoni nililiruka nikitoka, na niliporuka nilitazama nyuma kama kuna mtu anakuja kulichukua. Hakuna aliyekuja. Kesho yake Mwalimu alinipigia kunishukuru, akaniambia begi limerudishwa kabatini, ila khanga mbili zilikuwa zimekunjamana na analaumiwa yeye.

Mwezi huu, nikiwa mstaafu sasa na mwenye muda, nilipita Mandewa kuwasalimia. Nilibeba vifaa vyangu kwa mazoea, nikiwa na wasiwasi kwamba sasisho jingine litakuwa limeharibu kazi yangu. Nilikuta cherehani iko sebuleni. Imewekwa karibu na dirisha, umbali wa mkono kutoka kwenye kompyuta. Bi. Mwajuma anashona, sauti ya Bibi inatoka, na kila baada ya maneno machache anasimamisha mguu, anamtafsiria mumewe, naye anaandika. Wanaandika simulizi zote, zile za kutoa na zile za kubaki nyumbani, na ni yeye Bi. Mwajuma anayesema ipi ni ipi.

Nikaomba kwenda chumba cha nyuma kupima mtandao. Kilikuwa kimejaa magunia ya alizeti mpaka usawa wa dirisha. Nikasimama katikati ya magunia na laptopu mkononi, nikajaribu. Ilifunguka mara moja, safi kabisa, kazi nzuri kuliko nyingi nilizofanya, na hakuna mtu anayeitumia.

"Fundi, usiutoe huo mtandao," Bi. Mwajuma akaniita kutoka sebuleni. "Wajukuu wakija watautaka."

Nikarudi, nikakaa, nikaletewa chai. Walikuwa wamekwama kwenye neno moja. Mwalimu anasema ni jina la mti, Bi. Mwajuma anasema ni jina la mtu aliyepanda mti huo, na Bibi anarudishwa nyuma tena na tena aseme yeye. Nikanywa chai yangu taratibu, vifaa vyangu vikiwa chini, na mpaka kikombe kinakwisha hakuna mtu aliyenihitaji.